Fadhila Si Haki: Tujifunze Nini kwa Meya Daley wa Chicago?

Kila wakati wa kuchagua viongozi unapokaribia, waamini wengi huuliza maswali mawili. La kwanza: Je, huyu ni mtu wa dini? La pili: Je, atatuletea nini? Ni maswali halali, wala hatuwalaumu wanaoyauliza. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba maswali hayo hayatoshi. Mtu anaweza kuyajibu yote mawili vizuri kabisa, akawa bado hajatenda haki.

Ili tusiseme maneno matupu, tumechagua kueleza maisha ya kisiasa ya mtu mmoja. Alikuwa Mkatoliki mwenye desturi ya kuhudhuria Misa kila siku, na aliliongoza jiji moja kubwa la Marekani kwa miaka 21 mfululizo, hata mauti yakamkuta angali madarakani. Mtu huyo ni Richard J. Daley, Meya wa Chicago tangu mwaka 1955 hadi 1976.

Huenda msomaji akauliza: Ya Chicago yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, aliyekuwa na mamlaka hayo alikuwa mwana wa Kanisa, na wengi waliomweka madarakani walikuwa waamini wa parokia, wenye vyama vya kitume na halmashauri kama tulivyo sisi. Pili, ya mbali hutazamwa bila hasira. Mambo hayo yamekwisha pita, matokeo yake yanajulikana, na hakuna kati yetu aliyepata kazi au kunyimwa kazi kwa mkono wa Meya Daley. Basi tunaweza kuyapima kwa utulivu, kisha kila mmoja ayapeleke mwenyewe pale yanapomgusa.

Mtoto wa fundi wa bati

Daley alizaliwa tarehe 15 Mei 1902 katika mtaa wa Bridgeport, kusini mwa jiji, karibu na machinjio makubwa yaliyoifanya Chicago ijulikane duniani kote. Wazazi wake walikuwa Waairishi kwa asili, na baba yake alikuwa fundi wa bati. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Alisoma katika shule za Kikatoliki, akafanya kazi machinjioni, kisha akajifunza sheria jioni kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha DePaul, akamaliza mwaka 1933. Alimwoa Eleanor Guilfoyle mwaka 1936, wakajaliwa watoto saba. Hata alipokuwa mtu mkubwa hakuhama Bridgeport. Aliishi katika nyumba ya kawaida ya matofali, katika mtaa uleule aliozaliwa, akasali katika parokia ileile ya utoto wake. Maadui zake waliokuwa wengi hawakuweza kusema kwamba alikuwa mlevi, au mzinzi, au kwamba alijijengea kasri.

Katika siasa alipanda ngazi moja moja. Aliingia katika Bunge la jimbo la Illinois mwaka 1936, akawa mkuu wa mapato ya jimbo mwaka 1949, akawa karani mkuu wa wilaya ya Cook mwaka 1950. Mwaka 1953 alishika uenyekiti wa Chama cha Democrat katika wilaya hiyo, ambamo jiji la Chicago limo. Miaka miwili baadaye akachaguliwa Meya. Uenyekiti wa chama hakuuacha hata siku ya kufa kwake. Jambo hili tunaomba msomaji alikumbuke, maana ndilo ufunguo wa habari yote: mkono uliogawa kazi za jiji na mkono uliochagua wagombea wa chama ulikuwa mkono mmoja.

Jinsi mtambo ulivyofanya kazi

Watu wa Chicago waliuita utaratibu huo "mtambo". Jiji liligawanywa katika kata 50, na kila kata katika mitaa midogo ya kupigia kura. Kila mtaa ulikuwa na mtu wa chama, ambaye kwa kazi zake alifanana na balozi wa nyumba kumi tunayemfahamu sisi. Huyo aliijua kila familia kwa jina. Mama mjane akikosa makaa wakati wa baridi, alimwendea. Kijana akitafuta kazi katika idara ya maji au ya barabara, alimwendea apate barua. Taka zisipozolewa, taa ya mtaa ikizimika, mtoto akikamatwa na polisi, alikuwapo mtu wa kumwendea. Mtu huyo hakudai fedha. Alichodai ni kura siku ya uchaguzi.

Naye hakufanya hivyo kwa upendo mtupu. Mwenyewe alikuwa ameajiriwa na jiji au wilaya, na kazi yake ilitegemea hesabu ya kura za mtaa wake. Mkuu wa chama katika kata alipewa nafasi za kazi za kugawa kwa kadiri ya kura alizoleta. Kura zikipungua, nafasi zilipungua pia. Inakadiriwa kwamba katika miaka ya nguvu za Daley kazi zilizogawiwa kwa njia hiyo zilikuwa kati ya 35,000 na 40,000. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na huko Chicago mkono haukuwa mtupu kamwe.

Kwa nguvu hiyo Daley alichaguliwa mara sita: 1955, 1959, 1963, 1967, 1971 na 1975. Marais walimhitaji. Mwaka 1960 John F. Kennedy alipata jimbo la Illinois kwa tofauti ya kura zisizofika 9,000, na tuhuma za wizi wa kura mjini Chicago zilisemwa kwa miaka mingi baadaye. Mwanasiasa wa chama chake aliyetaka Ikulu ya Washington hakuweza kupita mlango wa Meya wa Chicago bila kubisha hodi.

Mema yake tuyaseme

Haki yenyewe inatudai tuyaseme mema ya mtu kabla ya kuyasema mabaya yake. Chini ya Daley jiji la Chicago lilijengwa. Uwanja wa ndege wa O'Hare ulipanuliwa, ukawa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kupita vyote duniani. Barabara kuu zilifunguliwa, majengo marefu yaliinuka katikati ya jiji, na chuo kikuu kipya cha jimbo kilifungua milango mwaka 1965. Mitaa ilifagiliwa na theluji iliondolewa barabarani. Mwaka 1975, jiji la New York lilipokaribia kufilisika, Chicago iliendelea kulipa madeni yake na mishahara ya watumishi wake.

Tena, mwaka 1960 ilipogunduliwa kwamba kundi la polisi wa kituo kimoja walikuwa wakishirikiana na mwizi kuvunja maduka, Daley hakuificha aibu hiyo kwa muda mrefu. Alimwita mtaalamu kutoka nje, Orlando Wilson, aliyekuwa profesa huko California, akamkabidhi jeshi la polisi alitengeneze upya. Yeye mwenyewe hakuwahi kushtakiwa kwa rushwa. Baadhi ya wasaidizi wake wa karibu walihukumiwa mahakamani katika miaka ya mwisho ya utawala wake, akiwamo Thomas Keane, aliyekuwa kiongozi wake katika baraza la madiwani. Lakini mikononi mwa Daley mwenyewe mahakama haikukuta kitu.

Mtu aliyefika hapa anaweza kusema: Basi huyu ndiye kiongozi tunayemtafuta. Ni mcha Mungu, ana familia njema, anajenga, anawasaidia wanyonge. Mnataka nini zaidi?

Waliomchagua wakasahauliwa

Tunataka tutazame upande wa pili wa jiji. Tangu Vita ya Kwanza ya Dunia, Wamarekani weusi kwa maelfu walikuwa wakihama mashamba ya kusini mwa nchi na kuja Chicago kutafuta kazi. Walipofika walikuta kwamba hawawezi kuishi popote wapendapo. Walisukumwa katika ukanda mwembamba wa kusini, baadaye na upande wa magharibi. Benki hazikuwapa mikopo ya nyumba, na wenye nyumba katika mitaa ya weupe hawakuwapangisha. Mwaka 1919 ghasia za rangi katika jiji hilo ziliua watu 38. Daley hakuyaanzisha mambo hayo, aliyakuta. Swali letu ni alifanya nini alipopata uwezo wa kuyageuza.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba weusi walikuwa nguzo ya ushindi wake. Mwaka 1955 kata za weusi, zilizoongozwa na mbunge mweusi William Dawson, zilimpa kura nyingi mno. Mwaka 1963 mpinzani wake alipata kura nyingi za weupe kuliko yeye, na ni kura za weusi zilizomwokoa. Walipewa nini? Walipewa walichopewa wengine: barua ya kazi kwa huyu, makaa kwa yule, nafasi kadhaa za udiwani kwa watu watiifu. Hawakupewa uhuru wa kuishi watakapo, wala shule sawa na za wenzao.

Tazama habari ya nyumba. Sheria ya jimbo iliwapa madiwani uwezo wa kukubali au kukataa viwanja vya nyumba za umma, na madiwani wa kata za weupe walivikataa katika kata zao. Basi nyumba hizo zilijengwa karibu zote ndani ya mitaa ya weusi, tena kwa kwenda juu, kwa kuwa ardhi haikutosha. Mwaka 1962 yalikamilika majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, yamepangwa kwa mstari mrefu kando ya barabara kuu. Yalikuwa na nyumba zaidi ya 4,400, na wakati wa kujaa kwake yaliishi watu wapatao 27,000, wengi wao watoto. Majengo hayo yalipewa jina la Robert Taylor, mtu mweusi aliyekuwa mwenyekiti wa mamlaka ya nyumba, na ambaye alijiuzulu mwaka 1950 kwa sababu baraza la madiwani lilikataa nyumba hizo zisambazwe katika jiji lote. Jambo lenyewe alilolipinga likaandikwa jina lake.

Mwaka 1966 wapangaji weusi walikwenda mahakamani, na mwaka 1969 Jaji Richard Austin aliamua kwamba mamlaka ya nyumba ya Chicago ilichagua viwanja na kugawa wapangaji kwa misingi ya rangi, kinyume cha katiba. Jiji lilifanya nini? Kuliko kujenga katika mitaa ya weupe, kwa miaka mingi halikujenga karibu chochote.

Shule zilikuwa hivyo hivyo. Shule za weusi zilifurika watoto, wengine wakasoma nusu siku, na huku katika shule za weupe zilizo jirani mlikuwa na madarasa yenye nafasi. Badala ya kuwahamishia huko, wakuu wa elimu waliweka mabanda ya kuhamishika katika viwanja vya shule zilizojaa. Tarehe 22 Oktoba 1963 watoto zaidi ya 200,000 hawakwenda shule siku hiyo, kama njia ya kulalamika. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilizuia dola milioni 30 hivi za elimu zilizokuwa ziende Chicago, kwa sababu ya malalamiko hayo. Daley akaonana na Rais Lyndon Johnson, na baada ya siku chache fedha zikaachiliwa. Uwezo wa kumfikia Rais ulikuwapo. Ulitumika kuulinda utaratibu uliokuwapo.

Mawe ya waamini

Mwezi Januari 1966 Mchungaji Martin Luther King alihamia katika nyumba ya kupanga huko Lawndale, mtaa maskini wa magharibi mwa Chicago, ili adai nyumba za haki kwa watu weusi. Mwezi Julai aliongoza umati hadi makao makuu ya jiji, akabandika madai mlangoni. Kisha maandamano yakaanza kuingia katika mitaa ya weupe. Tarehe 5 Agosti, karibu na bustani ya Marquette, King alipigwa jiwe kichwani, akapiga goti. Baadaye alisema kwamba hata katika majimbo ya kusini hakuwahi kuona chuki ya namna ile.

Ndugu wasomaji, mitaa hiyo haikuwa ya wapagani. Ilikuwa mitaa ya parokia kubwa za Kikatoliki, zenye shule, masista, na Misa zilizojaa kila Dominika. Miongoni mwa waandamanaji walikuwamo mapadre na masista, na hao nao walitukanwa na kurushiwa mawe, pengine na watu waliobatizwa na kufundishwa katika shule za Kanisa. Hatusemi hili ili tuwahukumu. Watu hao waliogopa kwamba nyumba zao, ambazo ndizo akiba pekee ya maisha yao, zingeshuka bei. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini hakuna kiongozi waliyemwamini aliyewasaidia kuishinda kwa ukweli. Miaka miwili kabla, vijana wawili weusi walipopanga nyumba huko Bridgeport, hatua chache tu kutoka nyumbani kwa Meya, umati ulikusanyika ukatupa mawe, hata vyombo vya vijana hao vikatolewa na nyumba ikapewa wapangaji weupe. Mtu mmoja katika mtaa ule alikuwa na sauti ambayo ingesikilizwa. Sauti hiyo haikusikika.

Tarehe 26 Agosti 1966 mapatano yalifanyika kati ya viongozi wa maandamano, jiji na wafanyabiashara wa nyumba. Maandamano yakasimama. Ahadi nyingi za jiji hazikutimizwa.

Mwezi Aprili 1968 King alipouawa, moto uliwaka katika mitaa ya magharibi ya Chicago. Daley alitangaza kwamba ameagiza polisi wawapige risasi za kuua wanaochoma majengo, na za kulemaza wanaopora maduka. Mwezi Agosti mwaka huo, wakati wa mkutano mkuu wa chama chake, polisi waliwapiga waandamanaji, waandishi wa habari na wapita njia mbele ya kamera za televisheni; tume iliyochunguza ikaandika kwamba waliofanya ghasia ni polisi wenyewe. Tarehe 4 Desemba 1969, alfajiri, polisi waliotumwa na mwendesha mashtaka wa wilaya, Edward Hanrahan, mtu wa mtambo, waliivamia nyumba na kuwaua vijana wawili weusi wa chama cha Black Panther, Fred Hampton na Mark Clark. Hampton alikuwa na umri wa miaka 21.

Kanisa lilikuwa wapi?

Baadhi hupenda kusema kwamba Daley alikuwa mtu wa wakati wake, na kwamba si haki kumpima kwa mawazo ya leo. Sisi hatukubali, kwa sababu katika jiji lilelile, katika Kanisa lilelile, walikuwapo watu wa wakati uleule walioona vingine.

Kardinali Albert Meyer, Askofu Mkuu wa Chicago tangu 1958 hadi 1965, aliwaita mapadre wake mwaka 1960 akawaambia waziwazi kwamba ubaguzi wa rangi hauwezi kupatana na imani. Monsinyori John Egan alisimama mwaka 1958 kuupinga mpango wa jiji wa kujenga upya mitaa ya Hyde Park na Kenwood, akiuliza swali moja ambalo wakubwa hawakulipenda: maskini watakaovunjiwa nyumba zao watakwenda wapi? Wengi walimkasirikia, wakiwamo Wakatoliki. Baadaye alikuwa paroko huko Lawndale, na katika parokia yake mwaka 1968 kilizaliwa chama cha weusi waliouziwa nyumba kwa mikataba ya unyonyaji. Mikataba hiyo ilikuwa hivi: bei ilipandishwa mara mbili au zaidi, na mnunuzi akikosa kulipa mwezi mmoja tu, aliweza kupoteza nyumba na fedha zote alizokwisha lipa. Watu hao walikusanyika parokiani, wakalinganisha karatasi zao, wakagundua kwamba hawakuwa wajinga mmoja mmoja, bali walionewa wote pamoja. Walisimamisha malipo, wakaenda mahakamani, na mamia ya mikataba ikarekebishwa.

Hapo tunaona njia mbili za kuwa Mkatoliki katika jiji moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba kutenganisha imani na maisha ya kila siku ni mojawapo ya makosa mazito ya nyakati zetu. Daley alisali asubuhi, na hatuna sababu ya kusema kwamba sala yake ilikuwa ya unafiki. Moyo wa mtu ni wa Mungu kuuchunguza. Lakini saa moja baadaye aliketi ofisini kana kwamba habari ya nani aishi wapi, nani asome wapi, ilikuwa ni hesabu ya kura tu, isiyohusiana na altare aliyotoka kuiinamia.

Tofauti ya fadhila na haki

Sasa tuseme wazi tunachotaka kusema. Kosa la Daley halikuwa kwamba hakuwajali watu. Aliwajali walio wake, naye aliwasaidia wengi sana. Kosa ni kwamba alichowapa watu kama fadhila kilikuwa ni haki yao tangu mwanzo. Taka kuzolewa, taa kuwaka, kazi ya umma kwa mwenye sifa, darasa kwa mtoto: vyote hivyo ni mali ya raia. Mtu anapopewa mali yake mwenyewe kama zawadi, hulazimika kushukuru, na anayeshukuru hawezi kudai. Tena zawadi hutolewa kwa mkono, na mkono unaoweza kutoa ndio unaoweza kunyima. Haki haiulizi: wewe ni wa nani? Fadhila huanza kwa swali hilo.

Ndiyo maana mtambo wa Chicago uliweza kumsaidia mtu mweusi mmoja mmoja kila siku, na papo hapo kuwafunga watu weusi wote pamoja. Kila mmoja alikuwa na jambo dogo la kupoteza. Mfagiaji wa jiji aliogopa kupoteza ufagio wake, mama aliogopa kupoteza nyumba ya umma, diwani aliogopa kupoteza kiti. Hofu hizo ndogo zikijumlishwa huzaa ukimya mkubwa.

Ukimya huo ulivunjika polepole. Mwaka 1972 mwanasheria Michael Shakman, aliyefungua kesi mwaka 1969, alipata maagizo ya mahakama kwamba mtumishi wa jiji asifukuzwe kwa sababu za siasa. Mwaka huohuo wapiga kura weusi, wakikumbuka mauaji ya Hampton na Clark, walimwacha Hanrahan, akashindwa. Daley alifariki tarehe 20 Desemba 1976 akiwa na umri wa miaka 74. Mwezi Januari 1979 theluji nyingi iliangukia jiji, na magari moshi yakaagizwa yapite bila kusimama katika vituo vya mitaa ya weusi; mrithi wake Michael Bilandic aliulipia uamuzi huo kwa kushindwa uchaguzi. Mwaka 1983 Harold Washington, mtu mweusi aliyelelewa ndani ya mtambo huo kisha akaupinga, akachaguliwa Meya. Ni kweli kwamba mtoto wa Daley, Richard M. Daley, aliongoza jiji hilo tangu 1989 hadi 2011, muda mrefu kuliko baba yake. Lakini yale majengo 28 yaliyokamilika mwaka 1962 yalibomolewa yote. La mwisho lilianguka mwaka 2007. Kilichojengwa juu ya ubaguzi hakikudumu nusu karne.

Wajibu wetu

Viongozi wa walei, wanajumuiya, akina mama na vijana wa parokia, hatuwaambii mmchague nani. Hiyo si kazi ya padre wala ya kamati hii. Tunawaomba muongeze swali la tatu juu ya yale mawili ya mwanzo: Je, kiongozi huyu humpa haki yake hata yule asiyemhitaji, asiyemjua, asiyempigia kura? Akijibu vizuri hapo, ucha Mungu wake una matunda na maendeleo yake ni ya wote.

Tunawaomba pia mjihoji kuhusu parokia zenyewe. Kiongozi akichangia bati za kanisa, je, tunabaki na uhuru wa kumwuliza habari za wale waliovunjiwa vibanda vyao? Akitupa kiti cha mbele siku ya sherehe, je, tunamwona bado yule aliyesimama nje? Kanisa likizoea kupokea fadhila, halitaweza kuwasemea walionyimwa haki, na waamini wake watajifunza kwalo kunyamaza.

Kule Lawndale watu waliketi katika ukumbi wa parokia, kila mmoja na karatasi yake mkononi, wakazisoma pamoja. Jambo hilo halihitaji fedha wala cheo. Jumuiya zetu zinakutana kila wiki. Basi zikutanapo, mbali na sala na michango, zitenge nafasi ya kuulizana: ni nani kati yetu aliyenyimwa kilicho chake, na ni nani atakayekwenda pamoja naye kukidai?